Maziwa ya Kezia na Tone la Ayodini

Jumatatu, 10 Juni 1996

Siku kubwa! Nimeitwa Mwalimu. Mara moja tu, na msichana aliyeniita alijisahihisha hapo hapo, lakini nilisikia.

Ilikuwa hivi. Lynnet, mwalimu wetu wa Biolojia, amekwenda kujifungua kabla ya siku zake. Mwalimu Mkuu, Bwana Jeremiah, akaniita ofisini. Akauliza kama naweza kukaa na Kidato cha Pili mpaka mtu mwingine aletwe. Alisema kukaa nao. Hakusema kufundisha. Nilijibu ndiyo kabla hajamaliza sentensi.

Miaka kumi na minne naosha testitubu za watu! Tisa kule Uriri, mitano hapa karibu na Rodi Kopany. Hapa hakuna anayeniita Mniko, jina langu. Ni Jalab tu, mtu wa lab. Katika chumba cha walimu wanazungumza Kijaluo, na mimi Mkuria nacheka wakicheka, nikichelewa kidogo.

Somo: kemia ya uhai. Niliwaambia wasichana kwamba mtu yeyote, ukimwondolea jina na nguo, ni maji mengi, protini, mafuta, wanga na chumvi kidogo. Mmoja akauliza kama hata Mwalimu Mkuu yuko hivyo. Nikasema hasa yeye. Wakacheka, na safari hii nilicheka nao kwa wakati. Kisha nikadondosha ayodini juu ya ugali. Bluu, karibu nyeusi! Juu ya nyama, rangi ikabaki ya kahawia vile vile. Nikawaambia wanga hauwezi kujificha. Wakapiga makofi.

Jioni nimepika ugali wa mtu mmoja. Ni kazi ngumu kuupima. Ama unabaki, ama unaungua. Nyasuguta, marehemu mke wangu, alikuwa anapima unga kwa kiganja. Miaka sita sasa amelala chini, na bado nashika sufuria ile kubwa.

Jumanne, 11 Juni

Protini. Nilipeleka darasani yai bichi na yai la kuchemsha. Nikaeleza kwamba protini ni mnyororo mrefu wa asidi amino uliojikunja kwa namna yake, na moto ukiukunjua, haujikunji tena vile ulivyokuwa. Nikawaambia yai likishaiva haliwezi kurudi kuwa bichi hata ukiliomba msamaha. Waliandika hiyo sentensi kwenye madaftari. Yote! Pamoja na msamaha.

Saa nne Kezia akapita mbele ya dirisha la maabara.

Nieleze vizuri, maana hata daftari linahitaji utaratibu. Kezia ni mjane wa upande wa pili wa soko. Ana ng'ombe wanne. Ndiye anayeleta maziwa ya chai ya shule, mitungi miwili ya bati kwenye baiskeli ambayo haiendeshi, anaisukuma. Watu wote wanamwita Mama Pamela, kwa sababu ya binti yake aliyeolewa Oyugis. Humu ndani naandika Kezia. Mbele yake nasema Mama Pamela kama wengine, na hapo ndipo tatizo lilipo. Utaanzaje kumtongoza mtu unayemwita mama?

Tumeshazungumza. Mwezi wa pili aliniambia mvua imekataa. Nilikubali.

Kikwazo ni Elijah, mwalimu wa Kilimo. Hajaoa, ana mabega, na kila siku anambebea mitungi kutoka getini mpaka jikoni. Anacheka naye njia nzima, kwa Kijaluo. Elijah hajui hata molekuli moja kwa jina lake kamili!

Lakini leo nimepata mpango. Ijumaa ni siku ya wazazi. Nitasimama mbele ya wazazi mia tatu na maziwa ya Kezia. Wauzaji wengine wa soko wanajulikana: wanaongeza maji, halafu wanatia unga kidogo ili maziwa yaonekane mazito. Yeye hafanyi hivyo. Nitadondosha ayodini. Rangi itabaki ya njano. Nitatangaza kwamba haya ndiyo maziwa safi kuliko yote wilayani Homa Bay. Kisayansi! Wazazi watageuka kumtazama. Yeye atanitazama mimi.

Elijah abebe mitungi yake.

Jumatano, 12 Juni

Mwalimu Mkuu amekubali. Dakika kumi, baada ya kwaya na kabla ya mbuzi. Mbuzi ni wa Elijah. Ataonyesha mbuzi wa maziwa na kabichi lenye uzito wa kilo saba. Nilimwambia Mwalimu Mkuu kwamba kabichi si sayansi. Akasema wazazi hula kabichi.

Darasani: vimeng'enya. Niliomba jikoni kipande cha maini nikakitia katika hidrojeni peroksaidi. Povu lilipanda, likamwagika mezani, likafika sakafuni. Wasichana wa mbele wakapiga nduru. Nikaeleza kwamba ndani ya maini kuna kimeng'enya kinachovunja sumu ile iwe maji na oksijeni, na kwamba mwili wote huenda hivyo: kila kazi ina kimeng'enya chake. Baadaye nikaambiwa maini yale yalikuwa chakula cha mchana cha Mwalimu Mkuu. Alikula maharagwe. Alinitazama kwa muda mrefu wa kutafuna.

Peke yangu nyumbani nimesoma ukurasa wenyewe tena. Kimeng'enya huzikutanisha molekuli mbili, zikaungana, zikaenda zake. Chenyewe kinabaki vile vile, mahali pale pale. Nimefunga kitabu mapema.

Alhamisi, 13 Juni

Ayodini imekwisha! Wasichana walipaka kucha. Ilibidi niende Homa Bay mjini mpaka duka la dawa. Mwenye duka akauliza nimeumia wapi. Nikamwambia ni kwa ajili ya utafiti. Akauliza tena kama ni mguu.

Nikafanya majaribio maabarani mlango ukiwa umefungwa. Maziwa ya Kezia: njano safi. Maziwa ya Kezia na chembe ya unga niliyopika kidogo: bluu. Inafanya kazi. Nimeandika hotuba kurasa nne. Neno "molekuli" linatokea mara kumi na moja. Nimepiga pasi shati jeupe.

Kikombe changu kimeanguka na kuvunjika. Ni kimoja tu nilichokuwa nacho. Mtu mmoja, kikombe kimoja. Ni hesabu iliyokuwa inatosha.

Ijumaa, 14 Juni, asubuhi

Leo ndiyo leo! Nimeamka saa kumi na moja. Uji nimeunywea maabarani ndani ya bika, ile gilasi kubwa yenye mistari ya vipimo, maana kikombe hakuna. Nimeifuta kwa leso. Jua zuri. Naenda.

Ijumaa hiyo hiyo, jioni

Sijui nianzie wapi.

Kwaya iliimba. Nikaitwa. Kezia alikuwa amesimama nyuma, karibu na jiko, kitambaa cha kanisani kichwani. Nilimwona, akaniona nimemwona. Nikasema kwa sauti kubwa kwamba maziwa haya ni ya Mama Pamela wa Rodi. Watu wakamgeukia, kama nilivyopanga. Akatabasamu, na kushangaa. Nikamimina maziwa ndani ya bika. Nikainua juu. Nikadondosha tone la kwanza.

Bluu.

Nikadondosha la pili. Nikafikiri ni kivuli. Bluu zaidi, na ikashuka chini kama wino mpaka bika nzima ikawa ya rangi ya sare ya polisi.

Wazazi wale mia tatu waliitazama. Nilikuwa nimekwisha kuwaeleza maana ya bluu. Nilikuwa nimeeleza vizuri sana. Mwalimu Mkuu akaniuliza kwa upole kama hiyo ndiyo rangi niliyoitarajia. Hapo ningeweza kusema ngojeni, nirudie. Mdomo ulikuwa wazi, maneno yalikuwa karibu. Badala yake nikasema sayansi haidanganyi.

Kezia akaenda akachukua mitungi yake na kuifunga kwenye baiskeli. Kamba ilimshinda mara mbili. Elijah akamwacha mbuzi katikati ya uwanja akaenda kumsaidia. Mbuzi akala ukurasa wa tatu na wa nne wa hotuba.

Mwalimu Mkuu amesema kuanzia Jumatatu shule haitachukua maziwa yake. Akanishukuru mbele ya wazazi. Alinishika mkono. Alisema: asante, Mwalimu.

Jumamosi, 15 Juni

Nimekaa ndani. Nimekasirika. Unga! Kumbe! Mimi namtetea, naye anatia unga! Nimemfuta moyoni saa tatu asubuhi. Saa sita nikamrudisha. Saa nane nikamfuta tena.

Nilipotoka kununua mafuta ya taa nikakuta habari imefika sokoni kabla yangu. Yeye na Elijah ni Wasabato, wako kanisani leo, kwa hiyo watu walisema kwa uhuru. Wamempa jina: Nyar Mogo. Mogo ni unga kwa Kijaluo. Binti wa Unga. Mwenye duka alicheka mpaka akashika kaunta, kisha akaniambia mimi ndiye niliyefungua macho ya watu. Akanipa sabuni bure. Watu watatu walinisalimia ambao hawajawahi kunisalimia. Nilitaka kufurahi. Nilijaribu njia nzima.

Jumapili, 16 Juni

Nimekwenda Migori kwa dada yangu Nyangi. Nilitaka tu kukaa mahali ambapo mtu anajua jina langu. Mlango una kufuli. Jirani akasema wamekwenda harusini Kehancha, familia nzima, hata kuku wamempelekea mtu. Nikasema nilikuwa napita tu. Nikakaa kwenye ngazi saa mbili kama mtu anayepita tu. Nilikuwa nimemletea mkate. Nimekula nusu, nusu nikaiacha dirishani.

Nimerudi. Ugali umebaki.

Jumatatu, 17 Juni

Saa nne Kezia alifika getini na mitungi kama kawaida. Mlinzi akamwambia amekatazwa. Akasema anajua, hakuja kuuza. Akaomba niitwe.

Nilitembea polepole. Nilijiandaa kwa matusi. Hakutukana.

"Jalab," akasema, "wewe ulipima maziwa yangu?"

Nikasema nilipima.

"Na kile chombo, ulikipima?"

"Chombo cha sayansi hakipimwi, Mama Pamela."

"Mimi sikusoma sana," akasema. "Lakini kabla sijakamua nasuuza ndoo mara tatu. Siku nikisahau, maziwa yanaganda, na siwezi kusema ni kosa la ng'ombe."

Akageuza baiskeli. Akaenda. Mitungi ilikuwa imejaa. Nilisikia inavyopiga nzito kwenye mashimo.

Nikarudi maabarani kwa hasira ili nimwonyeshe. Bika ilikuwa kwenye rafu. Tangu Ijumaa sikuwa na moyo wa kuiosha vizuri, nilimwaga maziwa nikaisuuza tu. Nikatia maji ya bomba. Maji matupu! Nikadondosha ayodini. Bluu.

Nikakaa chini. Ukingoni, karibu na mstari wa mililita mia mbili, kulikuwa na utando mzito umekauka. Niliukwangua kwa kucha. Nikaunusa.

Uji wangu.

Jumanne, 18 Juni

Ukweli ni jambo jema, lakini lazima lipangwe. Nikisema, nitatolewa darasani. Wasichana watajua. Nitarudi kuwa Jalab, tena Jalab wa uji. Nisiposema, yeye ni Nyar Mogo maisha yake yote.

Kwa hiyo njia ya tatu: ukweli utoke, lakini usitoke kwangu.

Leo darasani ilikuwa mafuta. Niliwaambia mafuta hayachanganyiki na maji: molekuli zake zinakimbia maji na kukusanyika peke yake, na kwa kukimbia huko ndivyo utando wa kila seli unavyojengeka. Msichana mmoja akauliza kama maziwa ya Nyar Mogo yalikuwa na mafuta au unga mtupu. Darasa likaanguka kwa kicheko. Nikawafundisha nikitazama ubao mpaka kengele.

Jumatano, 19 Juni

Mpango: barua. Niliiandika jana na kuitia chini ya mlango wa Mwalimu Mkuu alfajiri. Ilisema kwamba mwandishi ni mzazi, anaishi Oyugis, amekunywa maziwa ya Mama Pamela miaka mingi bila kuona unga, na kwamba yafaa chombo kilichotumika kichunguzwe kwa heshima. Niliweka sahihi: Mzazi Mpenda Haki.

Saa tano Mwalimu Mkuu akaisoma mbele ya walimu wote. Akasema inashangaza kwamba mzazi huyu wa Oyugis anaandika kwa wino wa kijani, wino ule ule ulio kwenye lebo za chupa zetu. Akageuza karatasi. Nyuma kulikuwa na orodha ya bidhaa za maabara: gliserini chupa mbili, litmasi pakiti moja. Walicheka. Kicheko kirefu, mpaka wa mwisho akajipangusa macho. Sikuhitaji kujua Kijaluo.

Halafu, jambo baya zaidi, Mwalimu Mkuu akanipiga bega. Akasema anaona ninamhurumia mama yule, na huo ni moyo mwema, lakini sayansi ndiyo imesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa! Sentensi moja tu ingetosha. Nikasema ndiyo, mwalimu, imesema.

Jioni nimemwona Elijah sokoni. Amefunga mitungi ya Kezia kwenye baiskeli yake na anazunguka nayo kibanda kwa kibanda. Kila mahali anamimina kikombe, anakunywa mbele ya watu, anasema onjeni. Bila ayodini! Bila kipimo chochote! Anakunywa tu na kusema anamwamini. Nilimhesabia vikombe tisa. Hawakununua. Alikuwa ameshika tumbo alipopita karibu nami, na bado akanisalimia.

Alhamisi, 20 Juni

Nimekwenda.

Nilitaka kubeba chupa ya ayodini na bika kama ushahidi. Njiani nikaona ninafanana na mtu anayekwenda kupima tena, nikaviacha maabarani na kuanza upya. Ni mwendo wa nusu saa. Nilifanya saa moja na nusu.

Alikuwa nyuma ya nyumba anamimina maziwa kwenye shimo la taka. Mtungi wa kwanza ulikuwa umekwisha. Ndama wameshiba, akasema, na majirani wanaona haya kuyachukua. Alimimina polepole, kama mtu asiyetaka kurusha matone. Ardhi ilikuwa nyeupe.

Nikasema yote. Kikombe kilichovunjika, uji, leso. Nikamwambia nia yangu ilikuwa kumsifu. Nikamwambia neno molekuli lilikuwa mara kumi na moja. Hilo halikusaidia.

Aliendelea kumimina. Kisha:

"Ulijua lini?"

"Jumatatu."

"Leo ni Alhamisi."

Nikasema ndiyo.

"Jumanne mama mkwe wa Pamela alituma mtu kutoka Oyugis kuuliza kama ni kweli. Oyugis, Jalab! Mtoto wangu anaulizwa kwao kama mama yake ni mwizi." Akaweka mtungi chini. "Kwa nini hukunijia tu siku ile ya kwanza? Ungesema, Mama Pamela, maziwa yako ni mazuri. Basi. Ningekukaribisha chai. Watu mia tatu walikuwa wa nini?"

Nilijua tu kwamba mtu akiwa peke yake muda mrefu, anafikiri lazima apige kelele ndipo asikike. Lakini hilo sikulisema.

Akaniambia nikaseme mbele ya shule. Si kwa barua. Si kwa wino wa kijani.

Ijumaa, 21 Juni

Paredi. Wasichana wote, walimu wote, wapishi mlangoni, na Kezia getini na baiskeli. Niliomba nafasi. Nikasema maziwa ya Mama Pamela ni safi. Nikasema bluu ilitoka kwenye uji wangu, na uji ulikuwa kwenye bika kwa sababu niliunywea ndani ya chombo cha maabara, jambo ambalo bango nililoliandika mwenyewe linakataza. Nikasema niligundua Jumatatu nikanyamaza siku nne. Nikasema sayansi haikudanganya. Mimi ndiye niliyedanganya.

Kisha mtu mmoja nyuma akasema "Uji!" na shule nzima ikaenda. Vicheko mpaka kunguru wakaruka.

Mwalimu Mkuu hakucheka. Alimwendea Kezia getini, akavua kofia, akamwomba radhi kwa niaba ya shule, tena kwa sauti ya kusikika barabarani. Ameandika pia barua ya kusomwa kanisani na sokoni. Mimi akaniambia nirudi kwenye testitubu. Anakuja kijana kutoka chuo Jumatatu. Sitaenda tena Kidato cha Pili.

Elijah akaja kunishika mkono. Alisema kukiri vile kunahitaji mwanaume. Namchukia sana. Mkono wake una joto.

Jumanne, 25 Juni

Mitungi inapita tena mbele ya dirisha. Jina la Nyar Mogo limeanza kufa sokoni. La kwangu, Jauji, mtu wa uji, linastawi.

Leo saa nne baiskeli ilisimama. Kezia akagonga dirisha. Akanipa kikombe cha bati cha bluu, kimechubuka kidogo ukingoni. Akasema kilikuwa kinakaa tu, na mtu mzima hawezi kunywea kwenye vyombo vya dawa. Kisha akauliza kama sina chai.

Tukakaa kwenye benchi la jikoni. Hakuniambia amenisamehe. Alisema mume wake alikuwa mtu wa kelele pia, na alipokufa nyumba ilikuwa kimya mpaka akaanza kuzungumza na ng'ombe. Nikamwambia kuhusu sufuria kubwa. Sijawahi kumwambia mtu kuhusu sufuria. Aliuliza jina la mke wangu. Nikasema Nyasuguta. Akalitamka vizuri, mara ya kwanza tu. Kisha akauliza langu, lile la nyumbani, nikasema Mniko. Akasema, haya, Mniko.

Dakika kumi na nne. Alipoondoka aliniambia jambo moja, na alilisema akinitazama: nikiwa na neno lolote la kumwambia, niende nimwambie yeye mwenyewe, hapo kwenye benchi. Hapo penye watu wawili.

Nimemwelewa kabisa. Mwanamke mwenye busara! Nimeandika maneno yake hapa ili nisiyasahau.

Alhamisi, 27 Juni

Ninalo neno la kumwambia Kezia.

Nimelipata katika sura ya mwisho ya kitabu cha Lynnet, ambayo hakuna anayeifikia. DNA! Molekuli inayobeba maagizo yote ya uhai, katika kila seli. Ni nyuzi mbili ndefu zilizosokotana kama ngazi iliyopinda. Kila kipande cha uzi huu kina mwenzake katika uzi ule, na hakishikani na kingine, ni yule yule tu. Uzi mmoja peke yake unaangalia na kungoja. Nimesoma nikasimama. Nikatembea chumbani. Ni mimi! Ni yeye! Namna bora ya kumwomba mtu mkae pamoja uzeeni haijapata kuandikwa.

Nilifikiria benchi. Lakini benchi ni fupi, na DNA ni ndefu.

Kwa hiyo nimekwenda kwa mzee wa kanisa la Wasabato. Nimemwambia nina mafundisho mafupi kwa watoto kuhusu kazi ya Muumba. Amefurahi. Nimepewa dakika tano Sabato hii, kabla ya mahubiri. Anatarajia watu mia nne, maana kuna wageni kutoka Rongo na Oyugis. Ukoo wa mkwe wa Pamela watakuwepo wote. Vizuri zaidi!

Nimesokota kamba mbili za katani, moja nimeipaka rangi nyekundu, nyingine kijani. Mita kumi kila moja. Itafika kutoka mimbari mpaka safu ya wanawake. Hotuba ni kurasa sita.

Mtu wa kushika ncha ya pili atahitajika. Sijamtafuta. Nitasimama pale mbele, nitainua kamba, na nitamwita kwa jina.